GEBRE KRISTOS DESTA: MCHORAJI ALIYEACHA KILIMO AKASHIKA BURASHI
Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

  Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia, wenzangu walikimbilia viongozi na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua mchoraji. Najua wengine mtaguna, lakini usidharau embe kwa rangi ya ganda. Nisikilize kwanza kisha uamue mwenyewe.

Kabla sijaanza, wacha niseme kwa nini nimemchagua huyu na si mwingine. Mwisho wa Kidato cha Pili tulichagua masomo. Mimi nilichagua Sanaa nikaacha Kilimo. Mnajua sisi tunaishi wapi. Hapa ukitoka nje ya lango la shule ni mahindi, ukivuka reli ni ngano, ukigeuka nyuma ni ng'ombe wa maziwa. Mzee wangu aliposikia kwamba nimeacha Kilimo alinyamaza siku nne nzima. Siku ya tano aliniuliza kama picha huliwa na ugali. Sikuwa na jibu. Basi muhula ule ule mwalimu wetu wa Sanaa akaleta kitabu cha wachoraji wa Afrika, na humo ndimo nilimkuta kijana mwingine aliyeacha kilimo ili achore. Hapo nikasema, huyu ni wangu.

UTOTO WAKE
Gebre Kristos Desta alizaliwa mwaka wa 1932 katika mji wa Harar, mashariki mwa Ethiopia. Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwa Waethiopia hakuna jina la ukoo kama letu. Mtu huwa na jina lake mwenyewe, kisha hufuatiwa na jina la babake. Kwa hivyo huyu ni Gebre Kristos, mwana wa Desta. Na Gebre Kristos maana yake ni mtumishi wa Kristo. Ndiyo sababu katika hadithi hii sitamwita Desta peke yake, maana nitakuwa namwita babake!

Babake alikuwa mtu wa kanisa, tena fundi wa kuandika na kupamba vitabu vitakatifu kwa mkono. Kazi hiyo ni ya zamani sana huko Ethiopia. Huchukua ngozi ya mbuzi, wakaiwamba, wakaikwangua mpaka ikawa laini na nyembamba, kisha wakaandika juu yake kwa kalamu ya utete. Wino mweusi ni wa maneno ya kawaida, wino mwekundu ni wa majina matakatifu. Halafu kuna picha. Katika michoro ya kanisa la Ethiopia mtu mwema huchorwa uso mzima na macho mawili makubwa yanayokutazama. Mtu mwovu huchorwa kwa upande, jicho moja tu likionekana. Hata asiyejua kusoma akiangalia picha atajua nani ni nani.

Sasa fikiria mtoto anayekulia katika nyumba kama hiyo. Tangu utotoni ameona rangi zikisagwa na mistari ikichorwa kwa uangalifu kwenye ukurasa ambao pengine haupiti ukubwa wa kitabu chetu cha mazoezi. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini huyu nyoka, kama utakavyoona, alikuja kutambaa njia yake mwenyewe.

Utoto wake haukuwa wa raha tupu. Alipokuwa na miaka mitatu hivi, mwaka wa 1935, majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia, na mwaka wa 1936 Mfalme Haile Selassie akakimbilia uhamishoni. Nchi ilikaa chini ya Waitalia mpaka mwaka wa 1941. Miongoni mwa waliopigana kuwaondoa walikuwemo askari wa K.A.R. kutoka huku kwetu Kenya, kwa hivyo pengine babu ya mmoja wenu alipita karibu na nyumbani kwa Gebre Kristos bila kujua. Dunia ni ndogo jameni.

ANAACHA KILIMO
Gebre Kristos alisoma, akafaulu, akaingia chuo kikuu mjini Addis Ababa kusomea kilimo. Ethiopia ni nchi ya wakulima kama sisi. Kijana aliyesomea kilimo wakati ule alikuwa na hakika ya kazi ya serikali, mshahara na heshima. Kumbe moyo wake haukuwa huko. Aliacha masomo hayo kabla ya kumaliza ili afuate uchoraji.

Tusipite hapa haraka. Ni rahisi kusoma kwamba aliacha, lakini kuacha si jambo jepesi. Wakati huo Ethiopia haikuwa hata na shule kubwa ya serikali ya kufundisha uchoraji. Shule ya Sanaa ya Addis Ababa ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mchoraji Ale Felege Selam, ambaye mwenyewe alikuwa amesomea Chicago, Marekani. Kwa hivyo Gebre Kristos alipoweka kilimo kando hakuwa na mahali pengine palipokuwa pakimngojea. Aliruka mto bila kuona ng'ambo. Alifanya kazi za hapa na pale huku akichora na kuandika mashairi kwa lugha yake ya Kiamhari. Mungu si Athumani, mwaka wa 1957 alipata ufadhili wa kwenda kusomea sanaa katika mji wa Köln, Ujerumani Magharibi.

UJERUMANI
Köln ni mji wa kale kando ya mto Rhine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia uliangushiwa mabomu mpaka sehemu kubwa ya katikati ya mji ikabaki vifusi. Kanisa lao kuu, lenye minara yenye urefu wa mita 157, lilipigwa lakini halikuanguka. Gebre Kristos alifika miaka 12 tu baada ya vita kwisha. Watu walikuwa bado wanajenga.

Na si nyumba tu zilizokuwa zikijengwa upya. Serikali ya Hitler ilikuwa imepiga vita uchoraji wa kisasa. Mwaka wa 1937 picha nyingi zilikusanywa na kutundikwa mjini Munich ili watu waje wazicheke, ati ni sanaa iliyooza. Walimu wa sanaa walifukuzwa kazi na wengine wakakimbia nchi. Kwa hivyo vita vilipokwisha, vijana wa Ujerumani walikuwa na njaa ya kuchora kile kilichokuwa kimekatazwa. Na kitu kilichopendwa kuliko vyote ni uchoraji wa dhahania.

Hapa najua msomaji unauliza, dhahania ni nini tena? Kumbuka sarufi. Tumefundishwa kwamba kuna nomino za vitu unavyoweza kuvishika, kama kiti na jembe, na kuna nomino za dhahania, kama upendo, huzuni, njaa na uhuru. Huwezi kuniletea kilo mbili za huzuni, lakini huzuni ipo na kila mtu anaijua. Basi uchoraji wa dhahania ni vivyo hivyo. Mchoraji hachori ng'ombe wala mti. Anapanga rangi, mistari na maumbo mpaka wewe unayetazama uhisi kitu ambacho hakina sura. Mmoja wa walioanzisha njia hiyo kabla ya mwaka wa 1914 alikuwa Mrusi aitwaye Wassily Kandinsky. Huyo naye alikuwa amesomea sheria, akakataa kazi ya kufundisha chuo kikuu mwaka wa 1896 akiwa na miaka karibu 30, akaenda Munich kujifunza kuchora kama mtoto wa darasa la kwanza. Unaona basi? Wanaoacha hawakuanza jana. Kazi za Kandinsky na za Wajerumani wa wakati wake zilimgusa sana Gebre Kristos.

Katika miaka ile wachoraji wengi wa Ujerumani walikuwa wakijaribu kila namna. Wengine walipaka rangi nzito kwa kisu badala ya burashi, wengine walichanganya rangi na mchanga, wengine walikwangua walichokwisha kupaka ili kilicho chini kionekane. Ukubwa nao ulibadilika. Kule Marekani Jackson Pollock, aliyefariki mwaka wa 1956, alikuwa ametandaza turubai sakafuni na kuidondoshea rangi huku akiizunguka. Picha yake moja ya mwaka wa 1950 ina upana wa zaidi ya mita tano. Hiyo ni picha kubwa kuliko ubao wa darasa letu! Mwaka wa 1959, Gebre Kristos akiwa bado mwanafunzi, kazi kubwa kubwa za namna hiyo zilionyeshwa katika mji wa Kassel, hapo hapo Ujerumani.

Sasa mfikirie kijana huyu. Babake alichora kwenye ngozi ya mbuzi unayoweza kuifunika kwa viganja viwili. Yeye sasa yuko mahali ambapo picha ni ukuta mzima na mchoraji hutumia bega lote, si vidole tu. Mimi nimejaribu jambo hili kidogo tu, nitawaambia mbele, na ninawahakikishia si mchezo. Mchoro mdogo unaufunika wewe kwa macho. Mchoro mkubwa ndio unaokufunika wewe. Kosa lililokuwa kama punje ya mtama linakuwa kama kiazi.

Gebre Kristos hakuenda Köln kutalii. Alisoma kwa bidii ya mchwa mpaka mwaka wa 1961, akawa miongoni mwa wanafunzi waliosifiwa, na kazi zake zikaonyeshwa huko huko. Mwaka wa 1960, akiwa mbali na nyumbani, Mwethiopia mwenzake Abebe Bikila alikuwa ameshinda mbio za masafa marefu kule Roma akikimbia bila viatu. Sisi wa Eldoret tunajua maana ya ushindi kama huo kwa watu wa nyanda za juu.

KURUDI NYUMBANI
Mwaka wa 1962 alirudi Ethiopia na kuanza kufundisha katika Shule ya Sanaa ya Addis Ababa. Mwaka wa 1963 alifanya maonyesho yake mjini. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Watu wa Addis Ababa walizoea picha za watakatifu, za wafalme na za vita vya Adowa. Walimjua pia Afewerk Tekle, aliyetengeneza madirisha makubwa ya vioo vya rangi katika Jumba la Afrika, yenye eneo la mita za mraba 150, yakionyesha Afrika ikijikomboa. Ukiyatazama unaona watu. Ya Gebre Kristos hayakuwa hivyo. Wapo waliosema kwamba hizi si picha za Kiethiopia, kwamba kijana amekwenda Ulaya akarudi na mambo ya wazungu na kutupa mila. Wengine hawakuona chochote ila rangi zilizomwagika.

Msimamo wake ulikuwa kwamba sanaa ni mali ya ulimwengu mzima, na kwamba Mwethiopia ana haki ya kuchota katika kisima hicho kama mtu mwingine yeyote. Ukifikiria sana utaona ana hoja. Mwaka wa 1907 Picasso aliona vinyago vya Kiafrika katika jumba la makumbusho mjini Paris, na uchoraji wake ukabadilika kabisa. Hakuna aliyemwambia Picasso kwamba ameacha kuwa Mzungu. Iweje basi Mwafrika akichota huko aambiwe amepotea?

Tena si kweli kwamba aliitupa Ethiopia. Mchoro wake unaojulikana sana unaitwa Golgotha, wa mwaka huo huo wa 1963. Unahusu kusulubiwa kwa Yesu, jambo ambalo wachoraji wa kanisa la Ethiopia wamelichora kwa mamia ya miaka. Lakini humo huoni macho mawili makubwa wala nguo zenye maua. Rangi nyekundu ndiyo inayosema, na mwili wenyewe ni kama unayeyuka na kutiririka. Nilipouona kitabuni nilinyamaza. Nilikumbuka ule wino mwekundu wa majina matakatifu. Mwalimu hakuniambia hivyo na kitabu hakikuandika hivyo, lakini mimi naona kwamba alichukua tone la wino mwekundu wa babake akalifanya kubwa kama mtu.

Wala hakuchora dhahania tupu. Watu wa kawaida, maskini na shida zao, navyo viliingia katika kazi zake. Na mcheza kwao hutuzwa. Mwaka wa 1965 alipewa Tuzo ya Haile Selassie ya sanaa, iliyokuwa tuzo kubwa kuliko zote nchini mwake. Waliomcheka miaka miwili kabla walibaki vinywa wazi.

Alifundisha kwa miaka mingi. Mwaka wa 1966 mchoraji mwingine hodari, Skunder Boghossian, alirudi kutoka Paris akafundisha naye hapo hadi mwaka wa 1969. Skunder na Gebre Kristos wanahesabiwa kuwa ndio waliofungua mlango wa uchoraji wa kisasa Ethiopia. Mmoja wa vijana waliopitia shule hiyo, Zerihun Yetmgeta, alikuja kujulikana kwa kuchora juu ya vipande vya mianzi vilivyounganishwa. Mwalimu mwema hakuachii mtindo wake, hukuachia ujasiri wa kutafuta wako.

MWISHO WAKE
Laiti ningemalizia hapo! Lakini maisha ni kama mlima na bonde. Septemba 1974 wanajeshi walimpindua Haile Selassie. Serikali ya kijeshi ya Derg ikashika nchi, na Mengistu Haile Mariam akawa mtawala. Miaka ya 1977 na 1978 ilikuwa ya kutisha. Watu wengi, hasa wanafunzi na wasomi, waliuawa, na miili mingine ikatupwa barabarani. Wachoraji walitakiwa kuchora mabango ya mapinduzi, yenye ngumi zilizoinuliwa na wafanyakazi wanaotabasamu. Kwa mtu aliyesema kwamba sanaa haina mipaka, hapo palikuwa pembamba.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Gebre Kristos aliondoka nchini mwake. Alikwenda Ujerumani Magharibi, mahali alipokuwa kijana mwenye matumaini, lakini hakukaa. Alivuka bahari hadi Marekani, akafikia jimbo la Oklahoma. Kule hakuwa na wanafunzi wake. Ninaposoma kwamba aliwahi kuandika shairi la kuililia nchi yake, shairi ambalo Waethiopia wengi wanalijua hadi leo, huwa nahisi uchungu. Nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni, lakini pango likiingia simba utafanyaje?

Aliaga dunia huko Oklahoma mwaka wa 1981, hata miaka 50 hajatimiza.

Serikali ya Derg nayo iliangushwa mwaka wa 1991. Mwaka wa 2008 Chuo Kikuu cha Addis Ababa kilifungua jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa lenye jina lake, na baadhi ya picha zake zilizokuwa zimebaki Ujerumani zilirudishwa nyumbani. Picha zilirudi. Mwenyewe hakurudi. Tazama pia maajabu haya, kwamba jumba hilo ni la chuo kikuu, na kijana yule aliondoka chuo kikuu bila kumaliza.

TUNAJIFUNZA NINI?
Kwanza, tusicheke tusichokielewa. Katika maonyesho ya vyama muhula uliopita nilileta mchoro niliouchora juu ya magunia mawili ya mahindi niliyoyashona pamoja. Nilipaka kwanza uji wa unga wa ngano ili gunia lisinywe rangi, nikachanganya rangi na udongo mwekundu wa barabara yetu, nikapaka kwa ubao badala ya burashi. Nilitaka kuonyesha kiangazi. Mmoja wenu, simtaji, aliuliza kama gunia lilimwagikiwa na mchuzi. Watu wakacheka mpaka kengele ikalia. Siku hiyo niliukunja nikaenda nao nyumbani kilomita nne bila kuzungumza na mtu. Sasa nikikumbuka Addis Ababa ya mwaka wa 1963 sioni aibu tena, ingawa nakubali ule uji uliniharibia kona moja.

Pili, kuacha kitu kizuri kwa ajili ya kile unachokipenda kuna bei. Sitawadanganya kwamba Gebre Kristos aliishi raha mustarehe. Alichekwa, akatuzwa, akafukuzwa na hofu, akafa ugenini. Lakini sidhani kilimo kingemwokoa na Derg, maana Derg haikuuliza mtu amesomea nini.

Tatu, na hili ni la mzee wangu kama atabahatika kulisoma gazeti hili. Picha hailiwi na ugali, ni kweli. Lakini lile gunia lenye kiangazi changu, yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa chini ya kitanda changu akalitundika ghalani. Alisema ni la kuziba upenyo wa upepo. Lakini jioni moja, nikitoka kukamua, nilimkuta amesimama mbele yake, taa mkononi, ametulia kama mtu anayesubiri mvua. Sikumsemesha. Nilirudi nyuma polepole nisije nikamwaga maziwa.

Kwa leo kalamu yangu inaishia hapo. Gebre Kristos Desta, Mungu ailaze roho yako mahali pema.